Bodaboda na ng'ombe: zimegongana, wamegongana au vimegongana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wawili hapa Bukoba tunatengeneza gemu ya kuendesha bodaboda kwenye barabara za vijijini, na tumekubaliana maelezo yote ya ndani ya programu yawe ya Kiswahili. Tumekwama. Bodaboda ikimfikia ng'ombe barabarani, mimi nimeandika "bodaboda na ng'ombe zimegongana", mwenzangu anataka "wamegongana", na wa tatu anashikilia "vimegongana". Tena, programu yetu haianzi kwa kukagua bodaboda na ng'ombe wenyewe. Inaanza na maboksi yasiyoonekana, kila kitu na boksi lake, na hayo nayo tumeandika "yamegongana". Je, tuko sawa? Sura nzima tumeiita "Ugunduzi wa migongano kwa ujazo wa mipaka".

JIBU: Marahaba. Nianze na ugomvi wenu wa viambishi, maana ndio mwepesi.

Kanuni ya darasani mnaijua: vitu visivyo na uhai vya ngeli tofauti vikiunganishwa kwa "na", kitenzi huchukua vi-, kama "jiwe na nguzo vimeanguka". Wenye uhai huchukua wa-, kama "mbuzi na ng'ombe wamekunywa maji". Kanuni inanyamaza pale chuma kinapokutana na mnyama. Ukisema "zimegongana" umemvua ng'ombe uhai wake. Ukisema "wamegongana" umeipa pikipiki roho, ingawa hapo mwenzako ana pa kujitetea, kwa kuwa mtaani bodaboda ni pikipiki na pia ni mwendeshaji wake, na "bodaboda wawili wamegongana" ni Kiswahili safi kabisa. Ukisema "vimegongana" umewatia wote kapu moja la vitu, na mfugaji wa Kagera hatakuelewa vizuri.

Mzungumzaji mzoefu haingii kwenye mtego huo. Husema "bodaboda imegongana na ng'ombe". Kiima kimebaki kimoja, kitenzi kinamfuata huyo mmoja, na ng'ombe amekuja nyuma ya "na" bila kudai upatanisho. Andikeni hivyo kila mnapochanganya chenye uhai na kisicho nao.

Lakini je, wamegongana kweli? Kiambishi -an- kinadai kila upande ufanye tendo. Magari mawili yaliyokutana uso kwa uso yamegongana. Gari lililoacha njia likaufuata mwembe limegonga mwembe, maana mwembe haukwenda popote. Sikilizeni taarifa za ajali redioni: "basi limegonga lori lililokuwa limeegeshwa" na "basi limegongana na lori" si habari moja. Sentensi ya kwanza imekwisha kumnyooshea mtu kidole, ya pili imeacha polisi wapime. Najua wapo wanaosema "gari limegongana na mti", na sitamkamata mtu kwa hilo kwenye mazungumzo, ila kwenye maandishi ya kitaalamu tofauti hiyo ni mali, msiitupe.

Kwenu ninyi tofauti hiyo ina faida ya pekee. Ndani ya programu, kipande kinachokagua mgongano hakijali nani alikuwa anakwenda. Kinapewa vitu viwili, na hata mkivipa kwa kubadilisha nafasi, jibu ni lile lile. Hapo "kugongana" ndilo neno lake. Lakini ujumbe unaomtokea mchezaji kwenye skrini usiwe "umegongana na ng'ombe" ikiwa ng'ombe alikuwa amesimama anacheua. Mwambieni ukweli: "umemgonga ng'ombe".

Sasa maboksi. Hapa ndipo nilipoona kosa lenu lenye madhara, na si la sarufi.

Kwa nini mnatumia maboksi? Kwa sababu umbo halisi ni ghali kulikagua. Tuseme ng'ombe wenu amechorwa kwa pembetatu 5,000, na bodaboda kwa pembetatu 5,000. Kukagua kila pembetatu ya huyu dhidi ya kila pembetatu ya ile ni ulinganisho milioni 25, na skrini inachorwa upya labda mara 60 kwa sekunde. Mkiwa na vitu 100 barabarani, jozi za kukagua ni 4,950. Hakuna simu ya kijijini itakayobeba mzigo huo. Kwa hiyo kila kitu mnakizungushia boksi lililonyooka sawasawa na mihimili mitatu ya mchezo (urefu, kimo na upana), na boksi dhidi ya boksi ni ulinganisho sita tu.

Chukueni mfano wa tarakimu. Kwa urefu wa barabara, boksi la bodaboda linaanzia mita 2 hadi 4, na la ng'ombe mita 3.5 hadi 6: hapo yanaingiliana. Kwa kimo, moja linatoka 0 hadi 1.8 na jingine 0 hadi 1.5: yanaingiliana pia. Kwa upana wa barabara, la bodaboda ni 0 hadi 0.8 na la ng'ombe ni 1 hadi 1.6. Hapo kuna nafasi. Mhimili mmoja ukionyesha nafasi, kazi imekwisha: maboksi hayajaingiliana, na vilivyomo ndani haviwezi kuwa vimegongana. Ili yahesabiwe kuwa yameingiliana, sharti yaingiliane kwenye mihimili yote mitatu. Wenye kupenda matufe badala ya maboksi wana njia fupi zaidi, kwani wanapima umbali kati ya vitovu viwili na kuulinganisha na jumla ya nusu vipenyo.

Mmeona nimetumia "kuingiliana" kote humo, sikusema "kugongana". Boksi si kitu. Halina uzito, halitoi kishindo, halivunji taa. Na pale kwenu Kagera mna shahidi mzuri kuliko wote: ng'ombe wa Ankole. Zile pembe zake ndefu zinalazimisha boksi lipanuke pande zote mbili na kupanda juu, na sehemu kubwa ya boksi hilo ni hewa tupu, juu ya mgongo na ubavuni chini ya pembe. Bodaboda inaweza kuingia kwenye hewa hiyo, maboksi yakaingiliana kabisa, na ng'ombe asiguswe hata unywele. Programu ikiandika hapo "yamegongana", atakayesoma maelezo yenu mwaka kesho ataamini kuna ajali wakati hakuna. Bila shaka atakwenda kumpunguzia mchezaji maisha mahali pasipostahili.

(Kuna atakayecheka kwamba "kuingiliana" lina maana ya chumbani. Lina. Lakini ratiba pia huingiliana, na majukumu ya wizara huingiliana, wala hakuna anayeona haya.)

Msiandike "kupishana" kwa maana hii. Nimeliona mahali fulani likitumiwa kwa vitu vinavyolaliana, na ni hatari, kwa sababu bodaboda mbili zilizopishana ni zile zilizopita salama. Mtakuwa mmeandika kinyume cha mlichokusudia.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza, ule wa maboksi, una majibu mawili tu kwa Kiswahili. Maboksi yasipoingiliana: "bodaboda haijagongana na ng'ombe", kwa uhakika kamili. Yakiingiliana: "huenda imegongana naye". Hilo "huenda" lisiachwe, ndilo linaloituma programu kwenye ukaguzi wa pili, wa pembetatu kwa pembetatu, ambao ndio pekee wenye haki ya kusema "imegongana" bila shaka. Na mkiona "huenda" zimekuwa nyingi mno, msilaumu lugha. Boksi la Ankole ni kubwa. Ndani yake wekeni boksi la kichwa na pembe, jingine la kiwiliwili, jingine la miguu, mkague kubwa kwanza kisha madogo. Au lilazeni boksi lifuate mwili wa ng'ombe badala ya kufuata mihimili. Litambana vizuri zaidi, ila ukaguzi wa maboksi mawili yaliyolala ovyo unaweza kuhitaji mihimili 15 badala ya mitatu.

Vipi "kugusana"? Hili lina kazi yake. Pikipiki iliyosimama imegusa ardhi, haijaigonga ardhi. Mgongano una nguvu ndani yake na kugusa hakuna. Kwenye tarakimu ni ule wakati ukingo wa boksi moja uko 4 na wa jingine unaanzia 4 hasa. Mkiandika "ndogo kuliko" mmeamua kwamba kugusana si kuingiliana; mkiandika "ndogo au sawa" mmeamua ni kuingiliana. Amueni mara moja, na mliandike hilo kwa sentensi kamili.

Hamkuuliza kuhusu nyakati, lakini nimeona maelezo yenu yanachanganya -na- na -me- bila mpango. Programu inayokagua mara 60 kwa sekunde haioni mgongano ukitokea. Inakuta umekwisha kutokea, bodaboda imeshazama sentimita kadhaa ndani ya ng'ombe. Kwa hiyo ni -me-: imegongana. "Inagongana" inadai mtu alikuwepo akitazama. Na kuna mgongano ambao programu haitaukuta kabisa. Jiwe lililorushwa na gurudumu kwa mita 30 kwa sekunde linaruka nusu mita kati ya picha moja na inayofuata. Bango la barabarani ni bati jembamba. Picha hii jiwe liko mbele ya bango, picha inayofuata liko nyuma yake, na maboksi yao hayakuingiliana hata mara moja. Kwa mwendo wa dunia tungesema "liligonga bango", programu inaapa "halijagonga". Dawa yake ni kukagua njia nzima ya jiwe kabla halijasogezwa, yaani boksi refu linaloanzia lilipo hadi litakapofika, na hapo kitenzi hubadilika: "litagonga". Programu yenye ukaguzi wa aina mbili iandikwe kwa nyakati mbili, -me- kwa inayokuta na -ta- kwa inayotabiri. Msomaji atajua anasoma kipande gani bila kuambiwa.

Imebaki ile kasoro ya kichwa cha sura. "Ujazo" ni kipimo: lita za ndoo, mita za ujazo za mchanga. Mnachokizungumzia ni umbo linalozingira, kwa hiyo liiteni "umbo la kuzingira", na likiwa boksi, "boksi la kuzingira". "Mipaka" iacheni kwa mashamba. "Ugunduzi" nao ni wa kitu kisichojulikana kabla. Programu yenu haigundui lolote, inabaini, tena kila mara. Andikeni "Kubaini migongano kwa maumbo ya kuzingira", na wa tatu wenu, yule wa "vimegongana", mpeni sehemu ya mawe na mabango aiandike yeye. Huko vi- yake ni halali.