Kabla ya kumchagua mwalimu wa uandishi, mpe karatasi ya mtoto

Mwenzetu wa Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, ameuliza: wanafungua darasa la uandishi la kila Jumamosi kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, na pesa yao inatosha nauli na posho ya walimu wawili tu. Wachukue walimu wa Kifaransa wa sekondari, au watafute watu wanaoandika mashairi na hadithi?

Nimefundisha darasa la namna hiyo Katuba kwa miaka sita, katika ukumbi tulioazimwa na parokia. Nitajibu kwa yale niliyoyaona. Ndugu wa Tanzania na Kenya mtanivumilia, Kiswahili cha Katanga kitachungulia.

Tulipata mwalimu wa sekondari aliyefaa sana na mshairi ambaye hakufaa kabisa. Mwaka uliofuata ikageuka. Mimi sasa siulizi tena mtu amesomea nini. Naangalia anavyoipokea karatasi ya mtoto.

Mwaka wetu wa kwanza alikuwepo msichana wa miaka 13 ambaye mama yake anauza makala, yaani mkaa, soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi. Akaandika: «Mama analalaka na harufu ya makala mu nywele.» Mwenzangu akachukua biki nyekundu. «Analalaka» akaifanya «hulala», «mu nywele» ikawa «katika nywele zake», «makala» ikawa «mkaa». Yote ni sahihi, hakuna mtahini angemlaumu. Lakini mtoto aliposimama kuisoma, sauti yake ilishuka kama anasoma barua ya mtu mwingine. Ile «-aka» ya kwetu inabeba kila usiku wa yule mama, miaka na miaka, na watoto wote ukumbini wangeisikia hivyo. Jumamosi mbili baadaye msichana hakuja tena. Kila nikimkumbuka inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale na sikusema neno.

Msifikiri nataka watoto wasijue Kifaransa. Baba mmoja alinifuata mpaka mlangoni: «Mwalimu, minamutuma mutoto ajifunze Kifaransa. Kiswahili ya ku soko anaijua tayari.» Alikuwa na haki. Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni kwa Kifaransa, na barua ya kuomba kazi vilevile. Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo ya zile nne, kama lugha za kufundishia na kama somo. Lakini huwezi kumtuliza mzazi kwa kumsomea sheria. Tulichofanya ni hiki: mtoto anaandika kwanza kwa lugha ambayo habari yenyewe inamjia. Jumamosi ya tatu ndipo anaipeleka kwenye Kifaransa, akiwa na mwalimu pembeni. Kifaransa chao kilikua, maana sasa kila mmoja alikuwa na jambo lake analolitafutia maneno. Baba yule alimleta na mdogo mtu.

Kuna kitu kingine kilichotusaidia, nakisema kwa furaha kubwa. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa mji huu, enzi unaitwa Elisabethville, waliandika historia yake wao wenyewe. Aliyeikusanya ni André Yav. Waliiandika kwa Kiswahili cha mji, kile kile wanachokiongea, na miaka 25 baadaye, mwaka 1990, wataalamu wakaichapisha kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nilileta kurasa chache za fotokopi nikazisoma polepole. Mvulana wa nyuma akasema: «Ni kama nkambo anaongea!» Nkambo kwetu ni babu au bibi. Tangu siku hiyo hawakuniuliza tena kama Kiswahili chao kinaruhusiwa kwenye karatasi.

Sasa jambo zito zaidi, na hapa kosa ni langu mwenyewe. Mvulana wa miaka 16 aliandika juu ya kaka yake, mchimbaji wa mikono, aliyeingia shimoni asitoke. Ukurasa mmoja tu. Nilivyoguswa, nikasimama nikausoma mbele ya wote bila kumuuliza. Nilidhani namheshimu. Alivuta kofia mpaka kwenye macho, akachukua kaye yake, yaani daftari, akatoka. Nilienda kwao siku ya pili. Mama yake alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti, tukaongea. Mtoto alikuwa ndani na hakutoka. Darasani hakurudi.

Tangu hapo kila mtoto anaweka alama juu ya ukurasa kabla ya kunipa: S ni «soma mbele ya wote», W ni «wewe tu, mwalimu». Asipoweka kitu, ni W. Pia mwalimu asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Zipo kurasa zinazosema mtoto anapigwa, au kuna mtu anamsumbua usiku. Hapo uwe umeshapatana mapema na mtu mzima wa pili ambaye mtampelekea habari hiyo pamoja, na mtoto awe ameambiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwalimu ambaye hataki kusikia sehemu hii, mwacheni, hata awe mshairi wa namna gani.

Ndiyo maana nasema mpeni karatasi. Chukueni ukurasa wa kijana aliyeruhusu, ondoeni jina, mwambieni anayetaka kazi ausome kwa sauti. Kisha nyamazeni, msikilize neno lake la kwanza. Mmoja alituambia: «Makosa ni mengi.» Mwingine alitoa hotuba juu ya fasihi. Wa tatu alikuwa mama muuguzi, hajachapisha kitu, ila kwao Kasai alikulia kwenye kasala, zile sifa za Baluba zinazomtaja mtu na ukoo wake kwenye furaha na kwenye matanga. Alisoma, akatulia, akauliza: «Na huyu aliyeanguka barabarani, alikuwa amebeba nini?» Tulimchukua siku hiyo hiyo. Ndiye mwalimu bora tuliyewahi kuwa naye.

Mengine kwa haraka. Watoto wasizidi 12 kwa mwalimu. Mwalimu naye aandike dakika 15 zile zile wanazoandika wao, na asome chake kwanza. Miezi ya mvua msipange kusoma kwa sauti mchana: mvua ikipiga mabati hakuna atakayesikia. Posho itolewe siku ile ile, hata kama ni ndogo. Tulimpoteza mwalimu mzuri kwa «tutaona mwisho wa mwezi». Biki mnunue ninyi, na nyekundu msinunue.

Kama mnaanza Septemba pamoja na shule, bado mna muda. Nina kurasa saba ambazo wenye nazo wameniruhusu kuzitoa nje bila majina, tatu kwa Kifaransa na nne kwa Kiswahili cha kwetu. Semeni siku mtakayowaita walimu, nitaleta fotokopi.