Paka Jike Amezalia Stoo Kwangu: Nifanye Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, wiki iliyopita niliingia stoo kuchukua ndoo nikasikia mlio mwembamba nyuma ya magunia matupu. Nilipochungulia nikamkuta paka jike, amekonda hadi mbavu zinahesabika, amelala juu ya nguo kuukuu pamoja na watoto wanne ambao hawajafumbua macho. Paka huyo si wetu, na alikotoka sikujui. Kila nikisogea hulaza masikio na kunifokea. Nimekuwa nikimwekea maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani, naye huyamaliza yote, lakini tangu juzi anaharisha. Mume wangu anataka tumtoe kabla hajatuletea maradhi, hasa kwa kuwa nina mimba ya miezi minne. Jirani naye ameshachagua mtoto mweupe, na anasema atamchukua mara tu macho yatakapofumbuka. Sitaki kuwatupa, wala sitaki kuwadhuru kwa kutojua. Nianzie wapi, na nikishawalea nimpe nani?

JIBU: Dada yangu, kwa majuma haya ya mwanzo una kazi moja kubwa, nayo ni kumtunza mama. Watoto wote wanne wanaishi kwa maziwa yake, joto lake na ulimi wake, na hakuna utakalolifanya kwa mikono yako litakalowafaa kuliko kumpa yeye nguvu ya kuendelea nao.

Maziwa ya ng'ombe yaache leo hii. Paka wengi wakishakua huwa hawana tena uwezo wa kutosha wa kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa, ndiyo maana yanamharisha, na paka anayenyonyesha akiharisha hupoteza maji ambayo yangegeuka kuwa maziwa ya watoto wake. Mwekee maji safi kwenye bakuli pana na uyabadilishe kila siku. Chakula kinachomfaa zaidi kwa sasa ni kile kinachotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, kwa sababu kina nguvu na madini mengi kuliko cha paka mkubwa. Kama hukipati, mpe nyama au samaki aliyeiva vizuri, asiye na miba wala chumvi, na usimwekee kabisa mabaki yaliyoungwa kwa kitunguu maji au kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe za damu ya paka. Usishangae akila sana: mama mwenye watoto wanne anaweza kuhitaji mara mbili, hata mara tatu, ya chakula chake cha kawaida, hivyo mwekee mara kadhaa kwa siku. Ikiwa siku mbili baada ya kuacha maziwa bado anaharisha, aonwe na daktari wa mifugo.

Kuhusu mahali, usiwahamishe kwa haraka. Paka aliyejifungua akihisi maficho yake yamegunduliwa huwabeba watoto mmoja mmoja kwa ukosi na kuwapeleka kusikojulikana, na safari kama hiyo ndiyo huwapoteza wengi. Kama stoo ni kavu, haipitishi upepo na mbwa hawaingii, waache humo humo. Ondoa tu sumu ya panya, rangi na mafuta, kisha weka karibu yao boksi lenye kuta ndefu, lililotandikwa taulo safi, mama aamue mwenyewe kama atahamia. Watoto wa umri huo hawawezi kujipasha joto. Katika juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 29 hadi 32 za selsiasi, na joto hilo wanalipata kwenye tumbo la mama yao.

Kufoka kwake kusikuvunje moyo, kwani anawalinda wanawe. Peleka chakula saa zile zile kila siku, kaa chini mbali kidogo, sema kwa sauti ya chini, na usimkazie macho. Ukimtazama, fumba macho polepole kisha uyafumbue polepole. Siku atakayokujibu kwa kufumba ya kwake vivyo hivyo, ujue ameanza kukuamini. Akishakuzoea, tumia muda anaokula kumpima kila mtoto kwenye mzani wa jikoni. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, naye anapaswa kuongeza kama gramu 10 hadi 15 kila siku. Anayenyonya vizuri huwa na tumbo la mviringo na hulala kimya, lakini anayelia bila kukoma ana njaa au anahisi baridi. Asiyeongezeka uzito kwa siku nzima mtazame kwa karibu, na anayepungua usimsubirishe.

Mama mwenyewe mkague matiti. Titi lililovimba, likawa jekundu na la moto, lina uambukizo. Akianza kutetemeka, kukakamaa miguu au kuyumba, huenda madini ya kalisiamu yamepungua mno katika damu yake kwa sababu ya kunyonyesha. Hiyo ni dharura ya saa ile ile, si ya kesho.

Sasa viroboto, ambao watu huwachukulia kama kero tu. Kwa mtoto mwenye gramu 200, viroboto wengi wanatosha kummaliza damu. Chukua pamba nyeupe iliyolowa, ifute kwenye manyoya ya mgongoni, karibu na mkia: vumbi jeusi likibadilika kuwa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokauka. Funua mdomo wa mtoto utazame ufizi, na ukiuona umepauka mpeleke kwa daktari. Wachane kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana sana, ukikichovya kila mara kwenye maji ya sabuni ili viroboto wafe. Nakusihi usiwapake dawa ya viroboto ya mbwa, kwa sababu nyingi zina pemethrini, ambayo huua paka. Vivyo hivyo parasetamoli: kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua paka mzima. Dawa ya minyoo ni ya lazima, kwa kuwa minyoo mingine hupita katika maziwa ya mama, lakini iombe kwa daktari, naye ataipima kwa uzito. Kwa kawaida huanza juma la pili au la tatu na kurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi watoto waache ziwa.

Hofu ya mumeo ina msingi, ila haihitaji kumfukuza paka. Kinachoogopwa kwa mjamzito ni vimelea vya toksoplasma, ambavyo paka aliyeambukizwa huvitoa kwenye kinyesi. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo huo. Kwa hiyo kazi ya kusafisha choo cha paka, yaani chombo chenye mchanga, iwe ya mumeo, aifanye kila siku bila kuruka, avae glavu na anawe kwa sabuni. Wewe usiguse mchanga huo, na ueleze kliniki unakohudhuria kwamba kuna paka nyumbani. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo ni njia kubwa za maambukizi hayo, jambo ambalo wengi wanaomlaumu paka hawalijui. Na yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa na paka huyu, ambaye hatujui kama aliwahi kuchanjwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Jirani mwombe asubiri, na usilegee katika hili. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, lakini kufumbua macho si kukua. Kuanzia juma la pili hadi la saba hivi ndipo mtoto wa paka hujifunza kwamba binadamu si adui, hivyo kuanzia juma la tatu mbebeni kila mmoja kwa dakika chache kila siku, watoto wa nyumbani wakiwa wamekaa chini ili asianguke. Katika juma la nne waanzishieni chakula laini na chombo kifupi chenye mchanga. Mchanga wa dukani unaogandamana ukilowa uepukeni, kwa sababu watoto huonja kila kitu na huo huweza kuziba utumbo. Kufikia juma la nane wengi wameacha ziwa, nao wanaweza kuondoka, ingawa mimi ningewaacha hadi la kumi au la kumi na mbili. Katika majuma hayo ya ziada ndugu zao huwafundisha jambo ambalo binadamu hawezi kulifundisha vizuri: anayeng'ata kupita kiasi katika mchezo huachwa peke yake, naye hujifunza kukaza meno kwa kipimo. Chanjo huanza juma la sita hadi la nane na kurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi juma la kumi na sita; ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia juma la kumi na mbili.

Anayetaka mtoto, muulize maswali bila haya. Paka atalala wapi? Nani atamlisha nyumba ikiwa haina watu? Kila aliyemo nyumbani amekubali? Ukiweza, mpeleke wewe mwenyewe ili uione nyumba. Wawili wakienda pamoja huzoea upesi zaidi. Mwambie pia anayemchukua kwamba siku akishindwa akurudishie wewe, asimwache njiani. Na wakubaliane nawe juu ya kuhasi: mtoto wa kike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, kabla hata mwenyewe hajamwona kuwa mkubwa.

Hilo linanirudisha kwa mama. Paka anaweza kupandwa na kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha, na mimba yake huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Watoto wakishaanza kula, mfungie ndani asikutane na madume, na muda mfupi baada ya kuacha kunyonyesha apelekwe kufungwa kizazi. Ukiwagawa watoto wote ukamsahau yeye, miezi michache ijayo utamkuta tena nyuma ya magunia.

SWALI: Nimekuta watoto wawili wa paka chini ya kichaka, mama hayupo. Je, niwachukue?

JIBU: Ndugu yangu, usiwachukue bado. Mimi niliwahi kuwachukua watatu nikidhani wametupwa, nikajisifu moyoni kwa wema wangu. Usiku mama yao alizunguka pale nilipowatoa akiwaita hadi alfajiri, na mdogo kuliko wote alikufa mikononi mwangu siku ya tatu. Sauti ile bado naisikia. Kwa hiyo kaa mbali, mahali ambapo hakuoni, kwa saa kadhaa. Kama huwezi kukaa, nyunyizia unga kidogo kuwazunguka, kisha urudi kutafuta nyayo. Watoto wenye tumbo lililojaa na waliolala wamekumbatiana wana mama aliyekwenda kutafuta chakula. Wachukue mara moja ikiwa tu ni wa baridi, wana majeraha, wamejaa siafu au mahali penyewe ni pa hatari.

Ikithibitika kwamba ni yatima, wapashe joto kwanza kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, kwa sababu mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya na akilishwa hudhurika. Wanyweshe maziwa maalumu ya watoto wa paka, wakiwa wamelala kifudifudi kama wanavyonyonya kwa mama, kamwe si chali, maana maziwa huingia mapafuni. Katika juma la kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baada ya kila mlo papasa sehemu zao za siri kwa pamba iliyolowa maji ya vuguvugu mpaka wakojoe. Hadi juma la tatu hawawezi kujisaidia wenyewe, na mama yao hufanya kazi hiyo kwa kuwalamba. Muulize pia daktari kama kuna paka anayenyonyesha anayeweza kuwapokea, kwa kuwa wengi hukubali watoto wasio wao.

SWALI: Watoto wote sita wa paka wangu wa kuokota wamepata kwao, wa mwisho ameondoka jana. Mama anazunguka vyumbani akilia, na matiti yamejaa. Tena hakuna anayemtaka yeye, kila mtu alitaka watoto. Nimfanyeje?

JIBU: Mama yangu, kulia huko mara nyingi hupungua ndani ya siku chache. Siku nyingine ukilea paka mwenye watoto, mwachie mtoto mmoja au wawili waondoke baada ya wengine, ili ziwa likauke polepole. Kwa sasa mpunguzie chakula hadi kiasi chake cha kawaida, usimkamue, kwani kukamua huita maziwa mengine, na umguse matiti kila siku kuhakikisha hakuna lililopata moto au kuwa gumu kama jiwe.

Kuhusu kumpatia kwake, acha kumwita "mama wa wale watoto" unapomtangaza. Eleza tabia zake mwenyewe: kwamba anajua kutumia choo chake, kwamba mwili wake umeshakomaa na hali yake inajulikana, kwamba hakwei mapazia usiku kama mtoto wa miezi mitatu. Kwa mzee anayeishi peke yake au familia yenye kazi nyingi, paka kama huyo anafaa kuliko mtoto. Mpige picha sasa ambapo manyoya yamerudi kung'aa, na usiharakishe kumtoa kwa yeyote kabla hajafungwa kizazi. Panga na daktari siku ya upasuaji iwe majuma mawili hivi kutoka leo, matiti yakishanywea, na hadi siku hiyo usimwachie mlango wazi jioni, hata akililia.