Kinachobaki mkononi baada ya makato: maswali na majibu

Naoka keki Sinza, Dar es Salaam, kwa oda za Instagram. Kampuni moja ya malipo inataka asilimia 2.5 ya kila muamala, nyingine asilimia 1 pamoja na shilingi 500. Hii ya pili si ndiyo nafuu?

Kwa keki kubwa, ndiyo. Keki ya 150,000 itakatwa 3,750 kwa ile ya kwanza na 2,000 tu kwa ya pili. Lakini boksi la vipande la 8,000 litakatwa 200 huku na 580 kule. Mpaka uko kwenye 33,000 na ushee: chini ya hapo ile 500 ndiyo inayokula faida.

Kuna jambo waokaji wengi hawalihesabu. Kama unapokea nusu wakati wa oda na nusu siku ya kukabidhi, hiyo ni miamala miwili, kwa hiyo 500 unalipa mara mbili. Keki ya 50,000 ikilipwa kwa mkupuo mmoja, kampuni ya pili inakata 1,000 na ya kwanza 1,250. Ikilipwa kwa awamu mbili, ya pili inapanda hadi 1,500 na unafuu wake umekwisha.

Waulize pia kama bei waliyokutajia ina VAT ndani. Kama haina, ongeza asilimia 18 juu ya makato, na ile 3,750 inakuwa 4,425. Kisha uliza fedha zinaingia benki baada ya siku ngapi, na kuzihamisha huko kunagharimu kiasi gani. Mtaji wa unga na mayai ukikaa kwao siku tatu, utakopa kununua vifaa vya oda ya kesho.

Nauza mitumba mtandaoni, niko Manzese. Wateja wananitumia kwenye namba yangu ya kawaida na nawaambia waweke na ya kutolea. Nichukue lipa namba?

Chukua. Mteja akisikia "na ya kutolea" anaona gauni limepanda bei, na wengine wananyamaza hapohapo. Afadhali gharama hiyo iwe ndani ya bei uliyoiandika tangu mwanzo.

Ila makato mengi yako kwenye kutoa. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza Julai 2021. Mwaka 2023 ikafutwa upande wa kutuma, ikabaki upande wa kutoa. Kwa hiyo kila shilingi unayoweza kuilipa kutoka kwenye simu bila kwenda kwa wakala, ilipe hivyo: mwenye belo, bodaboda, hata fremu. Kabla ya kusaini, soma jedwali la makato la mtandao wako uone mteja anakatwa nini na wewe unakatwa nini.

Lazima niwe na lipa namba ya kila mtandao?

Hapana. Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na ipo TANQR, msimbo mmoja wa kuskani kwa wote. Anza na moja, uangalie wateja wako wengi wako wapi.

Nachonga vinyago Mwenge, watalii wakirudi kwao wanataka kuagiza kwa kadi. Nifungue akaunti Stripe, ile kampuni ya kigeni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni? Na bei niweke kwa dola?

Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania, kwa hiyo utapita kwa wanaopokea kadi hapa, kama Selcom, Pesapal au DPO. Kadi ya nje ina makato zaidi ya simu, na kuna hasara ya kubadili fedha, hivyo linganisha na kiwango wanachobadilishia dola pia. Mteja anaweza kupinga malipo kwenye benki yake wiki kadhaa baadaye. Tunza risiti ya usafirishaji na picha ya mzigo, maana usipokuwa na ushahidi utapoteza kinyago na fedha.

Bei kwa wanunuzi wa hapa nchini iwe ya shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Kuna kampuni mpya inaniahidi makato madogo kuliko wote. Niiamini?

Uliza leseni yao. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, anayetoa huduma hii anapewa leseni na Benki Kuu. Asiyeonyesha, usimpitishie hata elfu kumi.