Shanga zinakatika, herini zinawasha: nifanyeje?

SWALI: Naishi Ujiji, Kigoma. Mume wangu alifariki mwaka jana. Nilipotoka eda nikaanza kutunga shanga: vidani, shanga za kiunoni na herini. Natumia mshipi wa kuvulia. Wateja wanarudisha, uzi unakatika, na wawili wamewashwa masikio. Kidani nauza 4,000 lakini faida siioni. Nichukue mkopo niongeze mtaji? Pia kuna tasbihi ya marehemu iliyokatika. Kila nikiishika mikono inakataa. Niitungie uzi gani?

JIBU: Pole sana dada yangu kwa msiba. Mungu amrehemu marehemu.

Acha mshipi leo hii. Ukikaa juani unakakamaa na kupasuka, na fundo lake huteleza. Isitoshe, chukua ushanga mmoja wa kioo upitishe ukucha kwenye tundu lake: utakuta ukingo mkali, na huo ndio unaosaga uzi kila mvaaji anapojigeuza. Shanga za kiunoni ndizo zinazoteseka zaidi, maana zinalala na kuoga na mwenyewe. Tafuta nailoni iliyosokotwa, jamii ya ile wanayoshonea nyavu, lakini nyembamba. Iburuze kwenye kipande cha nta ya nyuki mara mbili tatu, ipitishe kila tundu mara mbili kama inaenea, funga fundo mbili, kisha choma ncha kidogo kwa kiberiti. Zinazorudishwa zitunge upya bure.

Masikio kuwasha mara nyingi ni nikeli iliyochanganywa kwenye madini ya bei rahisi. Badilisha kile kiwaya kinachopita sikioni tu: weka fedha yenye alama ya 925, yaani sehemu 925 za fedha halisi katika 1,000. Ulivyo navyo usivipunguzie bei uviuze. Viondoe kabisa.

Sasa bei. Tuseme kidani kinakula shanga za 2,500, uzi 300 na kifungo 400. Jumla 3,200. Ongeza 300 ya nauli na shanga zinazovunjika. Ukiuza 4,000 unabaki na 500, na umekaa saa mbili umeinamisha shingo! Saa yako ukiithamini kwa 1,500 tu, kidani hicho ni 6,500. Ujiji ya karne ya 19 shanga zilizoitwa sofi zilikuwa ndiyo pesa ya sokoni, zinahesabiwa kwa makini. Nawe hesabu zako hivyo hivyo.

Mkopo, hapana, hasa hii ya kausha damu, yaani ya riba kubwa. Marejesho hayangoji mtu aliyeamka na majonzi. Na kama rambirambi imebaki, isiingie kwenye shanga hata shilingi. Nunua mali mpya kwa pesa ya mali iliyouzwa.

Nilipomzika mama nilikuwa natunga usiku ili nisilie. Asubuhi nakuta rangi zimepishana, nafumua zote. Nikajifunza kuhesabu asubuhi na kuacha jioni kazi ya kupaka nta na kuchambua rangi. Tandika kipande cha blanketi kwenye sinia ili shanga zisibingirike, na siku ukizidiwa lifunike sinia kwa kanga uondoke. Kesho utalikuta lilivyo.

Tasbihi usiifanye iwe kazi ya kwanza. Kusanya punje zote kwenye kikopo chenye mfuniko. Mkono ukikubali, tumia nailoni ile ile yenye nta. Hesabu kabla ya kutunga: kama ni ya 99, kigawanyo kinakaa baada ya kila punje 33. Acha nafasi ya kama upana wa kidole, maana tasbihi iliyobana haisogei vidoleni.