Kusafisha pathi yenye ../ na slashi za kurudiarudia: steki inatosha, ila kuna simlinki

Mkuu umeuliza utageuzaje pathi (anwani ya faili au folda) kama /home/juma/./picha//../kodi/ iwe /home/juma/kodi bila kujaza maif kibao, ukijua . ni folda hiyohiyo na .. ni folda ya juu yake. Achana na rejeksi (patani za kutafuta maandishi), hii ni kazi ya steki, yaani rundo ambalo cha mwisho kuingia ndo cha kwanza kutoka. Kata stringi kwenye kila slashi halafu pitia kipande kimoja kimoja, kikiwa kitupu au ni . unaruka (slashi mbili zinajimaliza hapohapo), kikiwa .. unatoa cha juu kama kipo, kingine chochote unakiweka, mwisho unaunganisha kwa slashi na kutanguliza moja mbele. Mistari kumi haifiki. Wengi wanakwamia sehemu hizi: ukiwa kwenye ruti (folda ya juu kabisa, /) .. inakuacha palepale, sio kosa, na zile nukta tatu ... ni jina halali kabisa la folda kwenye Linux, usiziguse. Pathi isiyoanza na slashi nayo, kama ../../data, zile .. za mwanzo ziache maana hujui unaanzia wapi.

Kama ni swali la intavyuu, hapo umepita. Kwenye seva za watu ndo kuna vituko, kuna moja nilikuwa naihudumia, /srv/app/current ni simlinki (faili linaloelekeza kwenye pathi nyingine) ya kwenda /data/matoleo/v12, na skripti inasoma /srv/app/current/../config. Pitisha hiyo kwenye os.path.normpath ya Python unapata /srv/app/config, lakini mpe keneli (kiini cha mfumo endeshi) pathi ileile anafuata simlinki kwanza ndo anapanda juu, unajikuta /data/matoleo/config. Faili mbili tofauti kabisa! normpath inachezea maandishi tu, diski haiigusi, na steki yako ndo hivyohivyo. Unataka ukweli wa diski tumia os.path.realpath. Pathlib, maktaba ya pathi ya Python, yenyewe haiondoi .. mpaka uite resolve(), na sababu ni hiyohiyo. Bash (unapoandikia amri kwenye Linux) nayo ukipiga cd .. inafuata njia uliyopitia wewe, cd -P ndo inafuata diski.

Halafu kama pathi inatoka kwa yuza, mfano jina la faili alilopandisha au vilivyomo kwenye zipu, kutafuta ".." kwenye stringi hakukulindi asitoke nje ya folda yako. Piga realpath kwanza, kisha linganisha na folda yako kwa os.path.commonpath, ipo toka Python 3.5. Usitumie startswith jamani, "/srv/picha" inaipitisha na /srv/picha_siri bila hata kuuliza.