Unamtafuta Mungu, au unatafuta gari lililouzwa?

Msomaji wetu wa Morogoro, mama wa watoto watatu, anaandika kwamba tangu mume wake aachishwe kazi na gari lao liuzwe ili kulipa mkopo, Mungu amekuwa "akimpitisha motoni ili amtakase". Anafunga kila juma, anakesha kanisani kila Ijumaa, amehamia chumba cha watoto ili mfungo usiharibike, na amepanda mbegu, yaani ametoa sadaka kanisani akitarajia muujiza, kwa fedha ya ada ya watoto bila mumewe kujua. Anauliza afanye nini na mume "aliyekufa kiroho", ambaye anamzuilia muujiza wake.

Pole, mwanangu. Kushuka kutoka maisha ya nafasi hadi kuhesabu vitumbua vya asubuhi kunauma, na anayekuambia kwamba mwenye imani haumii anakudanganya. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake, nawe ya kwako umeivuta mpaka imekaribia kupasuka.

Umeandika, kwa kupita tu, kwamba Jumamosi unaporudi kutoka mkeshani unakuta mumeo amekwisha kuwakorogea watoto uji na kuloweka sare zao za shule, nawe unapitiliza kwenda kulala. Mwanamume aliyepoteza kazi, anayefua sare asubuhi bila kumsimanga mkewe, ndiye huyo unayeniambia amekufa kiroho. Mimi nipo upande wake, na ushahidi nimeupata kwako wewe mwenyewe.

Tena umeninakilia mahitaji saba yaliyomo katika daftari lako la maombi. La kwanza ni kazi ya mume, la pili ni gari, yanafuata kiwanja na mengineyo ya namna hiyo, na la saba ni kwamba wifi yako aliyejenga "aone aibu". Hakuna hata mstari mmoja unaomwomba Mungu aguse kitu chochote ndani yako, ingawa barua nzima inazungumzia utakaso. Nabii Malaki, katika sura ya 3, anasema Bwana ataketi kama asafishaye fedha, na mafundi wa zamani walifanya kazi hiyo kwa kuiyeyusha fedha pamoja na madini ya risasi katika joto kali na kuipulizia hewa, hadi risasi ikaondoka pamoja na uchafu. Moto ule haukuongeza fedha hata kidogo. Ulitenganisha tu vilivyokuwamo. Wewe unataka kutoka motoni na kila ulichoingia nacho, na riba juu yake.

Swali ambalo Shetani aliuliza juu ya Ayubu, kama anamcha Mungu bure, ndilo linalokukabili sasa. Watu hupenda kukumbuka kwamba Ayubu alirudishiwa mali maradufu, lakini husahau kwamba, kwa mujibu wa sura ya 42, alirudishiwa alipowaombea rafiki zake, wale wale waliokuwa wamemsuta akiwa amekaa majivuni na majipu yake. Linganisha na hitaji lako la saba.

Sisemi mwenye shida asimpelekee Mungu shida yake. Hana alililia mtoto, Bartimayo alipiga kelele kando ya njia ya Yeriko akitaka kuona, na Yakobo kule Betheli aliweka masharti waziwazi ya chakula, nguo na kurudi kwao salama. Mungu hakumfukuza hata mmoja wao. Hao walisema wanachotaka bila kukipaka rangi. Wewe unataka heshima yako mbele ya wifi, halafu unaita jambo hilo utakaso, na mficha uchi hazai.

Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjikia hapa hapa. Fedha inapokuwapo, mume ni baraka kutoka juu. Ikiisha, anaitwa mlango wa adui, na mke anakwenda kwenye maombi kwa nia ile ile ambayo mwingine anaiendea kwa mganga. Isaya 58 inawakemea waliolalamika kwamba wamefunga na Mungu haoni, huku siku ya mfungo wakiwalemea wanaowatumikia. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7, anawaruhusu wanandoa kutengana kwa ajili ya sala wakiwa wamepatana, tena kwa muda tu. Mumeo ulipatana naye lini?

Rudi chumbani kwako leo. Mwambie habari ya ada kabla hajaisikia shuleni, na usiitangulize kwa mahubiri. Hitaji la saba lifute, na kwa majuma machache sali bila kutaja gari wala kiwanja, ukitumia maneno ya mwisho ya Zaburi ya 139, pale mwimbaji anapomwomba Mungu auchunguze moyo wake. Ukiona huna la kusema tena, utakuwa umejua ulichokuwa unakifuata. Mkesha mmoja ubaki nyumbani, mzee naye alale hadi jua litoke. Mbegu uliyopanda, nenda kwa mchungaji ukamweleze kwa adabu kwamba ilikuwa ada ya watoto na uiombe irudi. Ikirudi au isirudi, ongozaneni wewe na mumeo kwa mwalimu mkuu, mkamwombe mlipe kwa mafungu.