Jibu: Hapana, usianze na huyo jirani wa hosteli

Hapana. Dada, umeuliza uvae nini siku ya kwanza ya mazoezi yako ya ushauri nasaha pale Kisumu, usome vitabu gani, usajili wa Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia unaanzia wapi, halafu ukapenyeza kama jambo dogo tu: waweza kuanza na jirani yako wa hosteli anayetaka mzungumze chumbani, ujaze masaa kwenye daftari la mazoezi huku ukingoja kupangiwa msimamizi, yaani mshauri mzoefu wa kukuongoza? Hilo ndilo limenipandisha mori. Mengine nitayafikia nikikumbuka.

Nilifanya hivyo hivyo katika chuo kimoja upande wa Nakuru. Nadharia nimefaulu, shati jipya, nikajiona Carl Rogers, yule mwanasaikolojia mashuhuri wa ushauri, wa Bonde la Ufa. Mratibu wa mazoezi akaniambia, "Wewe anza tu, msimamizi atakuja, mradi daftari lijae." Mradi daftari lijae! Mtu ana shahada ya uzamifu na ofisi yenye zulia, na maneno hayo yalimtoka akitafuna njugu. Mpaka leo njugu sili.

Basi akaja komredi mmoja wa mwaka wa chini yangu. Hata hajakaa vizuri, nikamwambia, "Chochote utakachosema hapa hakitoki." Nilikuwa nimekariri hiyo kama salamu. Hakuna aliyenifanyisha mazoezi ya nusu ya pili: siri ina mipaka, mteja akiwa katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mipaka hiyo husemwa mwanzoni, kabla mtu hajafungua moyo.

Tulipokwisha zoeana akaniambia anafikiria kujiua, na kwamba aliwahi kujaribu. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu bado kilifanya jaribio la kujiua kuwa jinai. Mahakama Kuu ilikuja kusema kinakiuka Katiba Januari 2025. Kwa hiyo kijana aliogopa seli kuliko kitu kingine chochote. Nilipotaja daktari akaniangalia: "Si uliniahidi?"

Sasa nimpigie nani? Msimamizi hakuna. Mratibu hashiki simu. Nikawa napita mlangoni kwake usiku kama askari wa zamu, nikijifanya naomba chumvi. Niliomba chumvi mpaka wenzake wakaniuliza kama nimefungua hoteli. Mwishowe nikamwambia muuguzi wa zahanati ya chuo. Yeye alimkalisha, akamwuliza waziwazi kama ana mpango wa kujiua (mimi nilikuwa nazunguka neno hilo nikidhani nitampa wazo, jambo ambalo si kweli), akampeleka kwa daktari na kumwita shangazi yake. Kijana yu hai na alimaliza masomo. Mimi hanisalimii, na simlaumu. Niliapa, kisha nikasema.

Na mratibu? Aliligonga daftari langu muhuri bila kulifungua. Masaa ya yule kijana yamo humo, yamehesabiwa kama mafanikio.

Kwa hiyo, usikae na mteja hata mmoja kabla hujawa na msimamizi mwenye jina, namba inayopokelewa, na saa ya kila wiki ya kusikiliza ulichofanya na ulichoharibu. Si kwamba huna kipaji. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda Bodi kwa sababu kipaji peke yake hakimlindi mteja. Tena huyo ni jirani! Asubuhi mnagombania kamba ya kuanika nguo, jioni umwulize habari za marehemu babake?

Mavazi: safi, basi. Usajili, waulize Bodi wenyewe. Vitabu nimeshasahau ulitaja vipi.

Leo jioni mwambie jirani yako wewe bado unajifunza, na umsindikize hadi ofisi ya ushauri ya chuo. Hali ikiwa mbaya usiku, 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Na Jumatatu, kabla hawajakuonyesha kiti, uliza msimamizi wako ni nani na umpigie hapo hapo mbele yao usikie kama anapokea. Wakisema "tutaona," usipokee ufunguo wa chumba cha ushauri.